Mlilana Hautoi Boriti

Kosa lililonifanya niandike makala haya nililitenda mwenyewe, tena hadharani. Nilikuwa Lamu, siku za Tamasha la Utamaduni, nimepewa nafasi ya kughani uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome. Nilikuwa nimetunga beti kadhaa za kuisifu mikoko, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika maji ya Lamu, na nikaona haifai malenga kutoka Mombasa aje mikono mitupu. Katika ubeti wa pili nilisema:

*Mlilana umetowa, boriti za dari yetu*

Nane kwa nane, vina vimetulia. Watu wakashangilia, nami nikashuka nimevimba kichwa.

Mzee mmoja aliyeketi barazani akaniita. "Mwanangu, sauti unayo," akasema. "Lakini mlilana hautoi boriti. Boriti ni mkoko, ni muia. Mlilana twachongea mataruma ya vyombo."

Malenga wenzangu, nitaungama. Niliuchagua mlilana kwa sababu una mizani nne. Mkoko una tatu, na ile moja iliyopungua ilinisumbua usiku kucha. Nilikuwa nimesoma orodha ya majina ya mikoko, nikayapima kama mtu apimavyo vigae, nisiulize kila jina lina kazi gani.

Mzee yule alikuwa mkata boriti tangu ujana wake. Akanitajia miti yake kwa unene, kuanzia mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Akanieleza kwamba huuzwa kwa korija, yaani 20 kwa 20, na kwamba majahazi yalikuwa yakipakia shehena hizo na kufuata upepo wa kusi hadi Uarabuni na Ghuba, kabla ya kuuza nje kupigwa marufuku. Kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba za mawe zilizotuzunguka. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na upana ule haukuamuliwa na fundi. Uliamuliwa na urefu wa boriti. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nimeyasoma mengi kuhusu milango yake na nakshi zake, lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kipimo cha chumba kilitoka msituni.

Nilimuuliza kama wanawe wameirithi kazi. Akacheka. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu nao walikumbwa, na vijana wakatafuta riziki kwingine. Sisemi kwamba shoka halikuharibu kitu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba zipo sehemu zilizokatwa bila huruma. Ila kijana aliyetoka msituni ametoka na masikio yake. Kwake sasa yote ni mikoko tu, kama ilivyokuwa kwangu.

Na hasara hiyo haiishii kwenye kamusi. Mlilana husimama mbele kabisa, ukitazama bahari kuu, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni. Mkoko hufuata nyuma yake. Mkandaa uko juu zaidi, karibu na nchi kavu. Asiyeyajua majina haya huenda akachukua mbegu za mkoko, zile ndefu mithili ya kalamu, akazichomeka pahali pa mlilana, na mawimbi yakazing'oa. Nimehudhuria hafla za upandaji miti, bara na pwani, ambapo ngoma huchezwa ili mgeni wa heshima apate pa kupitia, mche ukapandwa, picha ikapigwa, na wacheza ngoma wakarudishwa garini. Hapo utamaduni ni zulia tu. Hakuna aliyewauliza wale wacheza ngoma kama mche ule ni wa pale.

Mkunguni palikuwa na kitu kingine, ingawa waandalizi hawakukipanga. Mkata boriti na mtunga mashairi walijikuta uwanja mmoja, na mmoja alikuwa na haki ya kumsahihisha mwenziwe. Lau ningeulizwa, ningependekeza wazee kama yule wakalishwe kwenye meza ya waamuzi wa mashairi: mmoja ahesabu mizani, mwingine ahesabu miti. Na mashua zinaposhindana, mtangazaji awaambie watoto walio ufukweni taruma ni nini, na limechongwa kwa mti gani.

Uwanja wenyewe, kumbukeni, umepewa jina la mkungu.

Jioni ile nilirekebisha mshororo: *Mkoko wetu 'metowa, boriti za dari yetu*. Nikampelekea mzee. Akausikiliza, akautikisia kichwa kukubali, kisha akauliza: "Na mlilana je, umemnyima?" Tangu hapo ninamtungia mlilana ubeti wake. Mataruma yana mizani nne, hilo limenisaidia. Kina cha mwisho ndicho bado kinanikimbia.