Usiisahau Oili ya Difu



Ukimwuliza mtu gari linakula nini, atakujibu kwamba linakula mafuta. Ukimwuliza tena, atataja oili ya injini na maji ya rejeta. Ni wachache watakaokutajia oili ya difu na oili ya transfa. Oili hizi hazina taa wala mshale wa kumwonya dereva. Zimefungiwa ndani ya chuma, chini ya gari, mahali pa tope na vumbi. Dereva anaweza kuendesha mwaka mzima asizione hata mara moja.

Mimi ni dereva wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Gari letu ni pikapu ya Land Rover 109, ya aina iitwayo Series III. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Kwa hiyo letu ni mzee. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi. Lakini ndilo linalopeleka mpunga wetu mashineni, ndilo linaloleta mbolea, na usiku ndilo linalochukua wagonjwa. Pikipiki zipo kijijini, lakini pikipiki haibebi magunia kumi, wala mama mwenye uchungu hakai vizuri juu yake.

Gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne. Hebu tuone nguvu inavyofika huko.

Nyuma ya giaboksi kuna sanduku jingine la gia. Mafundi huliita transfa. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini, nyingine iende mbele na nyingine nyuma. Ndani ya gari letu kuna fimbo fupi mbili. Moja ina kichwa cha njano. Ukiibonyeza, magurudumu ya mbele nayo huanza kuvuta. Nyingine ina kichwa chekundu. Ukiirudisha nyuma, gari likiwa limesimama, unapata gia nzito ya kutokea kwenye tope.

Kutoka kwenye transfa, nguvu hupita katika propela shafti hadi kwenye difu. Difu ni lile boga la chuma unaloliona kwenye ekseli. Gari letu lina difu mbili, moja mbele na moja nyuma. Ndani ya difu, gia ndogo iitwayo pinioni huzungusha gia kubwa iitwayo krauni. Katika gari letu, pinioni huzunguka karibu mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno ya gia hizo yanabanana kwa nguvu nyingi sana. Kinachoyatenganisha ni utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana, chuma kinakula chuma.

Sasa fikiri juu ya barabara zetu. Vijito vingi vinashuka kutoka milima ya Udzungwa na kukata njia. Gari limetembea saa nzima, difu imepata moto. Mara linaingia katika maji ya baridi. Je, umewahi kuchukua chupa tupu iliyokaa juani ukaizamisha mdomo majini? Chupa ikipoa huvuta maji. Difu nayo ni hivyo hivyo. Hewa iliyo ndani ikipoa hujikunja, na maji huvutwa kupitia kwenye sili zilizochakaa. Difu ina tundu dogo la kupumulia, lakini maji hupenya hata hapo. Na tundu hilo likizibwa na tope, jambo jingine hutokea: hewa ya moto inakosa pa kutokea, inaisukuma oili nje, na oili hiyo huweza kufika kwenye breki za magurudumu.

Kitabu cha gari letu kinasema oili ya difu na ya transfa ibadilishwe kila kilometa 40,000, na mapema zaidi kama gari linavuka maji. Sisi tunavuka maji kila juma wakati wa masika. Kwa hiyo, mvua zilipokatika, nilikwenda kwenye mkutano wa kikundi nikaomba fedha za oili.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mzee mmoja aliniuliza, "Dereva, gari linatembea au halitembei?" Nikamjibu, "Linatembea, mzee." Akasema, "Basi oili hiyo unayoitaka tutaijuaje kama imeingia kwenye gari au imeingia mfukoni?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikukasirika pia. Swali lake lilikuwa la haki. Anayetoa fedha ana haki ya kuona kilichonunuliwa, na oili ya difu haionekani.

Nikawakumbusha mwaka wa kwanza wa gari hili, kabla sijaajiriwa. Difu ya nyuma ilisaga meno wakati wa mavuno, gari likalala kando ya kijito siku tisa. Fedha zote za shamba la pamoja zilikwenda kwenye difu nyingine. Jambo hilo walilijua kuliko mimi. Kisha nikasema: mhazini na twende wote dukani, na kazi yenyewe niifanye hadharani, chini ya mwembe wa ofisi.

Mhazini wetu ni mama aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu. Nilimwandikia katika karatasi: EP 90. Tarakimu 90 inaonyesha uzito wa oili. Herufi E na P zina maana kwamba oili hiyo inavumilia mbano mkubwa wa meno ya gia. Oili ya injini haifanyi kazi hiyo.

Dukani kijana alitutolea kopo zuri, jekundu. Mama akavaa miwani, akaligeuza kopo pole pole. Akasema, "Mwanangu, 90 siioni hapa. E siioni, wala P." Lilikuwa kopo la oili ya haidroliki. Kijana akalirudisha, akatafuta tena mpaka akapata yenyewe. Tulinunua lita saba. Hesabu yake ni hii: difu ya mbele lita moja na robo tatu, difu ya nyuma lita mbili na nusu, transfa lita mbili na nusu. Jumla ni lita sita na robo tatu. Kama gari lako ni la aina nyingine, usifuate hesabu yangu. Fuata kitabu cha gari lako.

Siku ya kazi niliendesha gari kidogo kwanza, kwa sababu oili yenye joto hutoka vizuri na hubeba uchafu. Nikaliegesha mahali tambarare, nikaweka mawe kwenye magurudumu. Sikuinua gari kwa jeki. Land Rover imeinuka vya kutosha mtu kuingia chini, na gari lililo juu ya jeki si paa la kulala chini yake.

Kila difu ina nati mbili. Ya juu ni ya kujazia, ya chini ni ya kumwagia. Transfa nayo ni hivyo hivyo. Safisha tope kwanza, usije ukausukuma mchanga ndani. Kisha, ndugu msomaji, fungua nati ya juu kabla ya ile ya chini. Jambo hili usilisahau. Nati hizi hukaa miaka bila kuguswa, zikashika kutu. Ukimwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka, utajazia wapi? Gari limekwama hapo hapo ulipo, hata kama ni porini.

Nilitega karai tatu, moja kwa kila sehemu. Oili ya gia ina salfa, na harufu yake ni kali kama ya yai viza. Watoto walikimbia wakiziba pua. Wazee walisogea.

Karai la difu ya mbele lilipokea oili nyeusi lakini nzito, bila kasoro. La transfa vile vile. Niliipima ya transfa: lita mbili na nusu. Kama ingezidi, ningejua kwamba oili ya giaboksi inavuja kuingia humo. Nikaangalia pia ngoma ya breki ya mkono, iliyo nyuma ya transfa. Sili ya hapo ikifa, breki ya mkono hulowa oili, na gari halishiki mlimani. Ilikuwa kavu.

Kisha nikafungua difu ya nyuma. Ilitoka kitu kama chai ya maziwa. Hapakuwa na haja ya kueleza. Wote waliona kwamba hiyo si oili, ni oili iliyokorogwa na maji. Mzee yule aliyeniuliza swali alichukua kijiti, akachovya, akakitazama. Akasema, "Tumekuwa tukipanda haya mpaka mjini?" Nikamwambia ndiyo.

Nilipitisha kidole kwenye nati ya chini. Kulikuwa na uji wa kijivu, laini kama majivu. Huo ni unga wa chuma, na kidogo chake ni kawaida kwa gari la umri huu. Ukikuta vipande unavyoweza kuvihesabu, usiliendeshe gari tena. Mwite fundi afungue difu.

Nilifunga nati za chini, nikajaza kwa bomba la mkono mpaka oili ilipoanza kumwagika kwenye tundu la juu. Hicho ndicho kipimo. Ukiacha oili ikatulia na kuacha kudondoka, basi funga. Usishindilie zaidi ukidhani unaongeza nguvu.

Lakini difu ya nyuma ilikuwa bado na maziwa ndani, pembeni mwa gia na katika ekseli. Oili mpya ilipaswa kutembea siku mbili, kisha imwagwe nayo, iingie nyingine. Yaani lita mbili na nusu zaidi. Nilikisema hicho mbele ya watu wote, nikingoja maneno. Mhazini alifungua mkoba wake, akahesabu fedha, akanipa. Hakuna aliyeuliza.

Oili chafu tuliiweka katika dumu, mbali na kisima na bustani. Mikono niliiosha kwa sabuni kabla ya kula. Oili hiyo si nzuri kwa ngozi.

Tangu siku ile liko daftari la gari. Mhazini huandika tarehe, kilometa, sehemu iliyobadilishwa na rangi ya oili iliyotoka. Wakati wa mvua mimi hulegeza kidogo nati ya chini ya difu ya nyuma, asubuhi, kabla gari halijatikiswa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo usiku hushuka chini. Kama yamo, yatatangulia kutoka. Mara ya mwisho yalitoka matone manne, kisha oili safi. Nikakaza nati. Mama akaandika: matone manne.