Pweza na Mtahiniwa Aliyechoka

Mtahiniwa mpendwa, kabla hujaanza swali la kwanza la mazoezi, kaa nami kidogo. Nataka kukusimulia habari za mwaka wangu wa kidato cha nne, nilipokuwa nikisoma sana na kuelewa kidogo.

Nilikesha na daftari hadi alfajiri. Siku ya mtihani wa majaribio nililisoma swali la kwanza mara tatu. Maneno yote niliyajua, ila maana haikuingia. Nilirudisha karatasi nusu tupu, nikajiona mjinga. Jioni ile nilimwambia bibi yangu kwamba naacha shule.

Bibi hakunihubiria. Yeye alikuwa akichokoa pweza. Siku za bamvua, maji yalipokupwa, alishuka mwambani na kijiti chake. "Kesho twende wote, mjukuu wangu," alisema. "Daftari libaki nyumbani."

Siku ya kwanza sikuona kitu isipokuwa mawe. Bibi alinionyesha maganda ya kaa na kombe yaliyorundikana mbele ya tundu. "Mwenye nyumba amekula hapa," alisema. Siku ya tatu nililiona tundu moja kabla yake. Nilicheka, na nikashangaa kusikia kicheko changu mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilitazama filamu iitwayo My Octopus Teacher, iliyotoka mwaka 2020. Inamhusu Craig Foster, mtengenezaji wa filamu wa Afrika Kusini. Alikuwa amefanya kazi mpaka akachoka mwili na akili. Hakutaka tena kuiona kamera, na alihisi kwamba katika hali ile hawezi kuwa baba mwema kwa mwanawe. Basi akairudia bahari ya utotoni mwake, karibu na Cape Town, ambako maji huweza kupoa hadi nyuzi 8 au 9 za Selsiasi. Alizamia kila siku katika msitu wa mwani, bila vazi la kukinga baridi wala mtungi wa hewa.

Huko alikutana na pweza jike. Alimfuatilia siku baada ya siku, akijifunza kumtambua kwa mabaki ya chakula chake, vilevile kama bibi yangu. Alishuhudia papa akimng'oa mnyiri mmoja, kisha akaona mnyiri mpya ukiota taratibu mahali pa ule wa zamani. Hamu ya kushika kamera ikamrudia. Mwaka 2021 filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar.

Pweza wa Foster alibaki baharini. Wa bibi waliishia chunguni. Hata hivyo, niliposhuhudia yale nilimwelewa bibi. Foster hakupona kwa kuzamia mara moja. Alirudi palepale kila siku, akatazama kwa makini, na akili yake ikapata pumziko ambalo hakulipata kwa kujilazimisha.

Mimi nami nilirudi kwenye daftari. Nilianza kulala saa nne usiku, na kila jioni nilitembea ufukweni nusu saa. Mtihani wa mwisho haukuwa rahisi, lakini niliposoma swali nilielewa ninachoulizwa. Nikafaulu.

Huenda unaishi mbali na bahari. Nyuma ya bweni lenu pana mwembe? Chagua tawi moja ulitazame kila jioni: nani anajenga kiota, siafu wanapita wapi, ua lipi limekuwa embe. Na kama uchovu au huzuni haikuachi, mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini. Kusema si aibu. Mimi niliokolewa kwa sababu nilimwambia bibi.

Sasa funga kitabu hiki kwa nusu saa, utoke nje. Swali la kwanza litakusubiri.