Butembo: Mkato mmoja wameza feri mbili

Kwenye ramani ya nyumba ya ghorofa mjini Butembo, Kivu kaskazini, maandishi madogo ndiyo yanayoamua pesa ngapi zitatoka mfukoni mwa mwenye kujenga. Pembeni ya boriti mchoraji huandika hivi: 4HA12 L=575. Maana yake ni feri nne, unene wa milimita 12, kila moja urefu wa sentimita 575. Herufi HA ni ufupisho wa Kifaransa wa chuma chenye mbavu, kile kinachoshikamana vema na betoni. Tanzania wangesema nondo. Butembo na Beni, toka dukani hadi kwenye shantye, ni feri tu.

Ramani ya nyumba ya ghorofa inaweza kubeba maandishi ya namna hiyo kwa mamia: boriti, nguzo, ngazi, msingi. Kabla ya kununua, sherti yote yasomwe, yazidishwe na kujumlishwa, unene kwa unene. Kwa wachoraji wengi kazi hiyo ni daftari, kalamu na mashine ndogo ya kuhesabu. Wanasoma mstari, wanapiga hesabu, wanaweka alama ili wasiurudie. Simu ikilia katikati, hawajui tena kama nguzo ya kona ilihesabiwa au bado. Umeme ukikatika, wanaendelea kwa mwanga wa simu hiyo hiyo.

Kijana mmoja mchoraji, mwenye chumba cha kazi komini Kimemi, alichoka na daftari. Anachora kwa AutoCAD, programu ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani iliitoa mwaka 1982, na ndani yake kuna lugha ya kuipa amri inayoitwa AutoLISP. Lugha mama yake, LISP, ilibuniwa na John McCarthy mwaka 1958 kwa ajili ya utafiti wa akili bandia. Inafurahisha kidogo kuona kazi ya maprofesa wale leo inajumlisha feri za mama anayeuza vitenge na kujenga chumba kimoja kimoja.

Programu aliyoiandika si ndefu. Inamwomba azungushie sehemu ya ramani. Inaacha mistari yote na kuchukua maandishi peke yake. Katika kila andiko inatafuta herufi HA: namba iliyo mbele ni hesabu ya feri, namba iliyo nyuma ni unene. Kisha inatafuta L= na kusoma urefu. Inauliza boriti hiyo inarudiwa mara ngapi katika nyumba, inazidisha, inajumlisha kila unene mahali pake, na mwisho inaandika jedwali. Uzito nao inautoa humo humo, kwa kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wanaijua: unene kwa unene, ugawe kwa 162, unapata kilo za mita moja. Feri ya 12 ni kilo 0.888 kwa mita, ya 8 ni 0.395, ya 6 ni 0.222.

Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika kumi. Kwenye ramani zake mwenyewe jedwali lilitoka sawa na daftari, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hapo ndipo mtu huanza kuacha daftari nyumbani.

Kisha ikaja ramani toka Beni. Mchoraji mwenzake wa huko haandiki urefu kwa sentimita. Anaandika kwa mita, kama alivyofundishwa shuleni: 4HA12 L=5,75. Boriti hiyo ilirudiwa mara sita. Kijana aliiambia programu kwamba vipimo ni vya mita, akaandika sita, akabonyeza. Jedwali likajibu: mita 120 za feri ya 12. Feri moja ina mita 12, kwa hiyo ni feri kumi. Hesabu safi kabisa.

Aliyeshtuka ni kapita wa shantye, mzee aliyezeeka katika betoni na ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Hakuuliza habari ya programu. Alichukua penseli na kipande cha mfuko wa simenti. Boriti sita, feri nne kila moja, ni vipande 24. Kila feri ndefu inatoa vipande viwili vya 5,75 na kubakiza nusu mita. Basi ni feri 12, si kumi. Halafu akasema jambo ambalo kijana hakuwa amelifikiria: jumla ya boriti za 5,75 haiwezi kuwa namba nzuri hivyo.

Kosa lilikuwa katika mkato, ule ambao shuleni Congo huitwa virgili. Mtoto wa Congo hufundishwa kuandika tano mkato sabini na tano, kama Wafaransa na Wabelgiji. Lugha ya programu ilizaliwa Marekani, ambako huweka nukta. Ikikutana na mkato katikati ya namba, inasimama pale pale na kuchukua kile ilichokwisha kusoma. Kwa hiyo 5,75 ikawa 5. Haikulia, haikuandika kwa rangi nyekundu. Sentimita 75 zilianguka kwa kila kipande, vipande 24, jumla mita 18. Mita za kweli zilikuwa 138.

Feri mbili zinaweza kuonekana kitu kidogo kwa msomaji ambaye hajajenga. Lakini hizo ni za boriti ya aina moja, kwenye nyumba yenye aina nyingi. Mbaya zaidi ni siku ambayo upungufu hujulikana. Haujulikani ofisini, unajulikana asubuhi ya kumwaga betoni, mchanga ukiwa umelowa, vijana wa kubeba ndoo wamekwisha fika na wanahesabiwa siku yao. Mwenye nyumba ana njia tatu: kusimamisha kazi na kulipa watu bure, kukimbia dukani na kununua kwa bei atakayoikuta, au kumwachia fundi atafute namna. Njia ya tatu ndiyo inayoogopesha. Pete za chuma zilizopaswa kufungwa kila sentimita 20 zinafungwa kila 30. Feri nne zinakuwa tatu. Betoni ikifunika hakuna jicho litakaloona, na nyumba itasimama miaka, hadi siku ambayo haitasimama.

Na kukimbia dukani si jambo rahisi katika sehemu hii ya nchi. Mali nyingi za Butembo na Beni huingia kwa mpaka wa Kasindi, zikitoka Uganda au zikipita Uganda toka bandari ya Mombasa. Toka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, na toka Beni hadi Butembo 54. Mwezi Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi ya kutengeneza barabara za kilomita 223 upande wa Congo, na hizo mbili zimo. Lakini ni eneo hilo hilo la Beni ambamo raia wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014, na magari yamechomwa kwenye barabara ya Kasindi. Siku barabara imefungwa, bei inapanda na duka linaweza kukosa feri ya 12 kabisa. Mwenye kujenga hapa hahesabu feri tu, anahesabu na safari.

Kurekebisha mkato kulichukua mstari mmoja: kabla ya kusoma namba, badili kila mkato kuwa nukta. Ila kijana alijua sasa kwamba kama kulikuwa na shimo moja, kuna mengine. Aliyatafuta kwa wiki nzima, na aliyapata.

Kuna wanaoandika alama ya duara lenye mstari badala ya HA. Jicho linaona duara, lakini ndani ya AutoCAD limeandikwa %%c, na programu inayotafuta HA inapita bila kusalimu. Kuna maandishi ya aya ambayo hubeba ndani yake amri za aina ya herufi, zisizoonekana kwenye kioo, na zinachanganya namba. Ramani zinazotoka Kampala zinafuata desturi ya Kiingereza: 12Y10-03-200, yaani feri 12 za milimita 10, aina namba 3, kila milimita 200. Urefu haumo kabisa, uko kwenye jedwali la pembeni. Programu iliyolelewa kwa Kifaransa haina la kusema mbele ya ramani hiyo.

Dawa aliyoipata ndiyo sehemu bora ya kazi yake yote, kuliko hata ile kasi. Zamani programu iliruka andiko lisiloeleweka. Sasa inalihesabu, inalizungushia rangi nyekundu kwenye ramani, na chini ya jedwali inaandika: maandishi haya hayakusomwa. Jedwali linaloficha kile lilichoshindwa kusoma ni hatari kuliko daftari lenye madoa ya chai.

Kasoro moja haina dawa ya mstari mmoja. Programu inasoma maandishi, haipimi mstari uliochorwa. Mchoraji akinakili boriti ya zamani, akairefusha kwa mita moja na kusahau kubadili andiko lake, mashine itajumlisha uongo ule kwa haraka kubwa. Mchoraji wa daftari angeweza kugundua, maana macho yake yalipita polepole juu ya boriti yenyewe. Mwenye programu anaangalia jedwali.

Tena jumla ya mita si hesabu ya feri za kununua. Vipande 20 vya mita 4,50 ni mita 90. Gawanya kwa 12, unapata saba na nusu, utanunua nane. Lakini feri moja haitoi zaidi ya vipande viwili vya 4,50, kwa hiyo zinahitajika kumi, na kila moja inabakiza mita tatu. Kapita mzuri anajua mita tatu hizo zitaingia wapi, juu ya madirisha au kwenye ngazi. Kapita mwingine anajua zitatoka na nani jioni. Programu sasa inatoa orodha ya vipande, urefu kwa urefu, pamoja na jumla, na mama mwenye nyumba anaweza kuuliza juu ya mabaki akiwa na karatasi mkononi. Si makapita wote waliofurahia.

Kuna pia swali la malipo, na halijapata jibu. Wateja wakijua orodha inatoka kwa dakika kumi, wanaomba bei ishuke. Papa mmoja akisema mashine ndiyo iliyofanya kazi, ni vigumu kumweleza ile wiki ya kutafuta mashimo. Wachoraji wengine mjini wanaitaka programu, na kijana anasita kuwapa. Si kwa uchoyo peke yake: atakayeandika maandishi yake ovyo atapata jedwali lenye sura nzuri, na lawama itarudi Kimemi.

Kwa sasa anachapa karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza imejazwa na programu, ya pili ni tupu, ya penseli ya kapita. Ramani mpya ya Beni iko mezani kwake, nyumba ya ghorofa mbili. Jedwali limetoka jana jioni, na chini yake kuna maandishi 14 ambayo hayakusomwa.