Mtungi wa Mchele
Tulipokaa Singapore twaliona jinsi jirani zetu Wachina wahamavyo. Hawaendi siku yo yote tu. Kwanza huitafuta siku njema katika kalenda yao. Wala hawaingii mikono mitupu: mtungi wa mchele hutangulia, nao umejaa, maana mtungi mtupu ni kama kuikaribisha njaa. Wengine hubingirisha nanasi mlangoni, kwa kuwa kwa Kihokkien jina lake lasikika kama kusema "neema yaja." Kisha taa zote huwashwa, na maji huchemshwa jikoni.

Bibi mmoja, mjane, hakukubali mwanawe auchukue mtungi ule. Aliupakata mwenyewe garini, kiganja juu ya kifuniko. Alikuwa akiiacha nyumba aliyozalia watoto wake wote. Jioni tukaalikwa, tukapewa wali wa mchele ule ule, nasi tukala kimya.