Laptopu Ndogo Zilizopita Mezani Pangu Burumba

Mtu akiniletea Eee PC hapa Burumba, kabla sijaigusa humuuliza: "Chaja yake iko wapi?" Laptopu ile ndogo ya kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitengenezwa kwa miaka michache tu, kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi mwanzoni mwa 2013, lakini katika muda huo mfupi ilipewa chaja za aina tatu zisizopatana. Ya kwanza kabisa, 701, inataka volti 9.5. Zilizofuata, yaani 900, 901 na 1000, zinataka volti 12. Kuanzia 1005HA ya mwaka 2009 zikawa za volti 19, na kichwa cha chaja kikawa chembamba mno. Hatari iko kwenye zile za mwanzo. Tundu lake linapokea kichwa cha milimita 4.8, na kichwa hichohicho ndicho kilichokuwa kwenye chaja za laptopu nyingi za zamani za HP, zenye volti 18.5. Kinaingia bila kulazimishwa. Mtu anaazima chaja kwa jirani, anachomeka, taa inawaka kidogo kisha giza. Hapo tayari bodi imeungua. Nyingi kati ya 701 zilizonifikia zikiwa zimekufa ziliuawa namna hiyo, na mwenyewe haelewi kilichotokea, maana chaja ilikaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo mita haitoki mezani pangu. Kazi yangu ni kufungua, kupima, kulehemu na kufunga. Burumba ni sehemu ya mji wa Busia, upande wa Kenya, na wateja hunijia kutoka pande zote mbili za mpaka: mwalimu kutoka Nambale, mama anayevusha nafaka, karani wa wakala wa forodha, dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Malaba. Nimezipenda laptopu hizi kuliko aina nyingine yoyote iliyopita mikononi mwangu, na nataka habari zake ziandikwe na mtu aliyezijua kwa ndani.

Wazo lenyewe halikuanzia ASUS. Januari 2005, huko Davos, Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa shule katika nchi zisizo na uwezo. Mwaka uliofuata Intel nao wakaja na yao ya wanafunzi, Classmate. Zote mbili zilipangwa kununuliwa na serikali kwa maelfu, na Rwanda ni kati ya nchi zilizoitikia. ASUS waliangalia hesabu hiyo wakaona kwamba kitu kidogo na cha bei nafuu kinaweza kuuzwa dukani kwa mtu yeyote. Juni 2007, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, mwenyekiti wao Jonney Shih aliionyesha Eee PC na kutaja bei ya kuanzia dola 199. Ilipofika madukani Marekani mwishoni mwa mwaka, ile iliyonunuliwa sana iliuzwa dola 399. Hata hivyo watu waligombania.

Tazama kilichomo. Skrini ya inchi 7, nukta 800 kwa 480. Uzito chini ya kilo moja. Prosesa ya Celeron iliyopaswa kukimbia megahezi 900 lakini ikapunguzwa mwendo hadi 630 ili isipate joto. Memori nusu gigabaiti. Hifadhi ya gigabaiti 4, tena imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, bila diski inayozunguka. Ilikuja na Linux ya Xandros, yenye picha kubwakubwa za kubofya, hata mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta angejua pa kuanzia. Mafundi wenzangu waliidharau kwa sababu ya hizo gigabaiti 4. Mimi niliona jambo jingine: kitu kisicho na diski inayozunguka hakiogopi mtikisiko. Dereva wa lori aliweza kuitupia kitini kutoka Mombasa hadi Malaba, akafika ikiwa nzima, kisha akaangalia filamu kutoka kwenye flashi akisubiri foleni isogee. Diski ya kawaida isingestahimili barabara ile.

Uzuri wa kweli ulikuja 2008. Intel walitoa prosesa ya Atom N270, inayokula umeme kidogo sana, na ASUS wakaiweka kwenye 901 na 1000H. Skrini zikawa inchi 8.9, halafu 10, nukta 1024 kwa 600. Acer wakaja na Aspire One, na HP, Dell, Samsung, MSI na Lenovo kila mmoja akatoa yake. Microsoft, ambao walitaka kuacha kuuza Windows XP katikati ya 2008, walilazimika kuiongezea maisha kwa ajili ya laptopu hizi hadi 2010, maana Windows Vista ilikuwa nzito na zisingeibeba.

Sisi hapa hatukuzipata zikiwa mpya, ila wachache. Huko Ulaya na Marekani watu walizinunua kama kompyuta ya pili, ya kubeba safarini, na walipozichoka zikaingia kwenye mitumba ya vifaa vya umeme. Kwa hiyo kile kilichowazwa kwa ajili ya mtoto wa nchi kama yetu kilizunguka kwanza kwa wenye nazo, kikatufikia kikiwa na mikwaruzo na kibodi yenye herufi za Kijerumani. Lakini hapa hakikuwa cha pili kwa mtu yeyote. Kilikuwa cha kwanza na cha pekee.

Niliyemwona akiitumia vizuri zaidi ni karani mmoja wa mambo ya forodha. Alikuwa na 1000H. Umeme ukikatika, na miaka ile ulikatika sana, kompyuta kubwa za ofisini zote zilizimika pamoja na kazi iliyokuwa haijahifadhiwa. Yeye aliendelea. Betri ilimpa saa kadhaa, modemu ya laini ya simu ilichomekwa ubavuni, na hati za mzigo zikaendelea kuandikwa huku malori yakinguruma nje. Mwalimu alichapia mitihani ya muhula. Mama wa nafaka aliweka hesabu za gunia kwa shilingi za Kenya na za Uganda, safu mbili kwenye ukurasa mmoja, akajua siku ipi kubadilisha pesa kulimletea hasara kuliko bei ya mahindi yenyewe. Aliniambia, "Fundi, daftari liliniambia nimeuza. Hii inaniambia kama nimepata." Sijasikia mtu akieleza faida ya kompyuta ya nyumbani vizuri kuliko hivyo.

Mwaka 2009 mpaka wetu ulipata mtikisiko. Katika bajeti ya Juni, waziri wa fedha wa Uganda, Syda Bbumba, alitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa hoja ya kulinda mazingira. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mimi mwenyewe nimeona vioo vya skrini kubwa za zamani, vyenye madini ya risasi, vikitupwa ovyo mtaroni. Lakini marufuku yale yaliweka kapu moja skrini ya kilo 15 iliyokwisha na laptopu ya kilo moja ambayo ingefanya kazi miaka 10 zaidi. Waliokuwa wakitegemea mzigo wa kompyuta kubwa kuvuka walipunguza. Mtu mmojammoja, mwenye laptopu yake begani, aliendelea kuja kutengenezewa upande huu na kurudi kwao.

Sasa niseme lililonikera, na linahusu aina nzima wala si mtengenezaji mmoja. Ilipokuja Windows 7 Starter, leseni yake ya bei nafuu ilitolewa kwa masharti: skrini isizidi inchi 10.2, memori isizidi gigabaiti 1. Watengenezaji wakatii. Basi unafungua kifuniko kidogo chini ya 1005HA, skrubu moja tu, unakuta soketi ambayo ingepokea gigabaiti 2 imewekewa moja. Mashine ilibanwa kwa makusudi ili isishindane na zile za bei kubwa. Nilikuwa nikitoa memori ile, nikaweka ya gigabaiti 2, kazi ya dakika tano, na mteja anadhani nimembadilishia kompyuta. Starter yenyewe haikumruhusu mtu hata kubadilisha picha ya nyuma ya skrini. Mtu amelipia kitu chake halafu anakatazwa kuweka picha ya mtoto wake!

Januari 2010 Apple walitangaza iPad, na mnunuzi wa kule aliyekuwa akitaka kitu chepesi cha kusomea na kutazama video akahamia huko. Laptopu nyembamba za bei ya juu zikaja kutoka upande wa pili. Faida kwa kila laptopu ndogo ilikuwa finyu tangu mwanzo. Mauzo yakashuka, na mwanzoni mwa 2013 ASUS wakasimamisha kutengeneza Eee PC; Acer nao wakaachana na zao. Jina lilirudi kidogo mwishoni mwa 2014 katika EeeBook X205, nzuri kwa macho, nyepesi. Nilipoifungua nilihuzunika. Memori imelehemiwa. Hifadhi ya gigabaiti 32 imelehemiwa. Ikijaa, imejaa. Ikifa, imekufa na kila kilichomo.

Mwaka huohuo wa 2013 zilipokoma, Kenya ilikuwa ikiahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni iliyopewa kampuni ya Olive ya India ilibatilishwa, na vifaa vilianza kufika 2016, kwanza katika shule 150 za majaribio, kutoka kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pamoja na Positivo BGH, na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno. Hao wa mwisho ndio waliowaundia watoto wa Ureno kompyuta iitwayo Magalhães mwaka 2008, ambayo ni Classmate ya Intel chini ya jina jingine. Kwa hiyo damu ya ukoo ule ilifika darasani kwetu mwishowe, ikipitia Ureno. Mafundi wa mitaani hatukuhusishwa, wala vipuri havikutufikia. Kifaa cha shule kikiharibika huku kwetu, kuna kabati linalokisubiri.

Kinachoziua Eee PC zilizobaki leo si uzee wa vyuma. Bodi ya 1000H iliyotunzwa inawaka hadi sasa. Betri zinakwisha, hilo ni la kawaida, na nyingi unaweza kuzifungua ukabadilisha seli zake sita za duara kama una mkono mtulivu na mashine ya kuchomelea seli. Tatizo kubwa ni programu. Atom N270 ni ya biti 32. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, mwaka uleule ilipoiacha Windows XP. Ubuntu ikafuata kuacha kutoa toleo la biti 32 la kompyuta za mezani. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye prosesa za aina hiyo. Wakati huohuo kila huduma imehamia mtandaoni: kodi kwenye iTax, vyeti kwenye eCitizen, mikopo ya wanafunzi, nafasi za vyuo. Kurasa zile zimejengwa kwa vivinjari vipya. Mzee analeta laptopu inayochapa barua bila taabu, lakini mwisho wa Juni ukikaribia haiwezi kumfungulia ukurasa wa kuwasilisha ritani. Ananiambia imeharibika. Haijaharibika.

Kwa wateja wenye N270 naweka Debian 12, ambayo itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi katikati ya 2028, au antiX, ambayo ni nyepesi zaidi. Diski inayozunguka natoa, naweka SSD ndogo. Mashine inaamka. Haitafungua kila kitu, na humwambia mteja hivyo kabla hajalipa: ya kuandikia, ya hesabu, ya kusomea vitabu, ya mtoto kujifunzia kupiga chapa na kuandika programu za mwanzo. Wenye 1001PX au 1015, zenye Atom N450 na N455, wana bahati zaidi. Hizo zinakubali biti 64, na bado zina miaka mbele yake.

Hukumu yangu ni kwamba Eee PC za 2008 hadi 2010 ndizo kompyuta za nyumbani zilizomfaa mtu wa mpakani kuliko zote zilizouzwa kabla na baada yake. Zilibebeka, zilivumilia umeme wetu, na fundi aliye na bisibisi moja aliweza kuzirefushia maisha. Zilisimamishwa kwa sababu wanunuzi wa mbali walizichoka, wakati wetu walikuwa ndio kwanza wanaanza.

Vijana wanaonunua vyuma chakavu hupita na mizani mitaani kila wiki, na najua wanakulipa papo hapo. Kama unayo moja imelala kabatini, usiwauzie kwa kilo. Ipeleke kwa fundi aliye karibu nawe akutolee picha na hati zako kwanza. Betri itolewe, isichomwe moto wala kutobolewa, maana ni ya lithiamu na inaweza kulipuka. Hata kama bodi imeungua, skrini, kibodi, memori na diski yake vinaweza kuifufua nyingine ya mtoto wa jirani yako anayejiandaa kwa mtihani.