Kuosha Motokaa Bangwe

Mkifika Kigoma msirudi kabla ya kuiona Bangwe, kata iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Huku ni kwa wavuvi, na mwenye motokaa hawezi kuyakwepa magunia ya dagaa. Harufu yake haitoki kwa sabuni ya siku moja. Mama mkwe akipanda hasemi neno, ila hufungua dirisha!

Basi wengine huona njia nyepesi: huliingiza gari ziwani, magurudumu yote manne, wakalisugua huku mawimbi yakilisuuza. Maji ni ya bure, na kazi huisha upesi. Lakini tazameni kando: mama anachota maji ya kupikia, watoto wanaoga. Oili na grisi huwafikia hao kwanza. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, ila mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo maji yake hubadilika polepole mno. Nayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi ziwezazo kuudhuru ufuko, ndani ya mita 60.

Mimi naona afadhali kuchota ndoo nne, kupanda nazo, na kuoshea gari juu, mbali na maji. Mgongo utauma, ni kweli. Mwenye gari la kukodisha na aiongeze kazi hiyo katika nauli ya magunia. Wachuuzi watanung'unika, lakini watalipa, maana gunia kichwani mpaka mjini si mchezo.