Aya Iliyofutwa

Mwaka 1999, katika chumba cha kupanga jijini Nairobi, daktari kijana kutoka milima ya Taita alikaa mbele ya kompyuta ya kuazima akafuta aya nzima ya barua yake ya maombi. Aya hiyo ilisimulia usiku mmoja wa kazi Wundanyi. Mama wa makamo aliletwa na wanawe akiwa hajitambui, sukari imepanda, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Daktari alimtundikia maji, akampiga sindano ya insulini, kisha akapanda naye kwenye Land Rover. Waliteremka kona baada ya kona hadi Mwatate, wakaingia Voi, wakashika barabara kuu ya Mombasa. Njia nzima alikuwa ameinua chupa ya dripu kwa mkono, akibadilisha mkono kila ganzi ilipomshika. Walifika kabla ya alfajiri. Mama yule alipona.

"Dada, hii itoe," aliambiwa na daktari mwenzake aliyemtangulia masomoni. "Wale wanataka mtafiti. Ukiwaandikia habari za kijijini, watadhani hujawahi kuona mashine ya CT."

Akaitoa. Mahali pake akaweka sentensi tatu kuhusu hamu yake ya kufanya utafiti, hamu ambayo hakuwa nayo.

Maombi yenyewe yalikuwa ya rezidensi, mafunzo ya kazini ambayo wakati huo nchini Marekani karibu hakuna daktari aliyeyakwepa akitaka kutibu kwa kujitegemea, hata kama shahada yake ni ya kutoka chuo bora namna gani. Kwa tiba ya ndani, yaani magonjwa ya watu wazima yasiyohitaji kisu cha mpasuaji, mafunzo hayo huchukua miaka mitatu. Aliyesoma nje ya Marekani hupitia kwanza ECFMG, taasisi ya Philadelphia inayothibitisha vyeti vya madaktari wa kigeni. Siku hizo maombi yalijazwa kwenye disketi. Disketi ilitumwa kwa posta, na mtu akabaki kuomba Mungu isije ikapinda njiani.

Kisha kulikuwa na ule mtihani. Kuanzia Julai 1998, kila daktari wa kigeni alilazimika kusafiri hadi Philadelphia kuonyesha jinsi anavyoongea na mgonjwa. Wagonjwa walikuwa watu waliofundishwa kuigiza: huyu tumbo linamuuma, yule hapati usingizi. Ada ilikuwa dola 1,200, kabla ya nauli. Nayo viza ilikuwa na kisa chake. Ubalozi wa Marekani Nairobi ulikuwa umelipuliwa Agosti 7, 1998, kazi zake zikahamia majengo ya muda, na watu waliosimama kwenye foleni walikuwa bado wanatazamana kwa simanzi. Familia iliuza ng'ombe wawili. Baba mdogo akaongeza akiba yake ya chama cha ushirika. Daktari huyo hadi leo huzitaja fedha hizo kwa kuhesabu mifugo.

Mahojiano aliyafuata kwa basi la Greyhound, mji mmoja hadi mwingine, suti ikiwa imekunjwa begini. Katika hospitali tano alizoitwa, hakuna hata moja iliyomuuliza angependa kufanya kazi wapi baada ya kuhitimu. Walimuuliza kuhusu utafiti.

Baada ya mahojiano mwombaji huorodhesha hospitali kwa jinsi anavyozipenda, hospitali nazo huwaorodhesha waombaji, na kompyuta huzioanisha orodha hizo. Mfumo huo, Match, ulianza mwaka 1952. Ushauri uliozunguka miongoni mwa madaktari wa kigeni ulikuwa kwamba uanze na hospitali inayoelekea kukukubali, usianze na unayoipenda. Wengi hawakujua kwamba hesabu ya mfumo huo ilikuwa imeandikwa upya. Kuanzia Match ya mwaka 1998, kompyuta hutumia njia iliyoundwa na mwanauchumi Alvin Roth pamoja na Elliott Peranson, inayoanza na matakwa ya mwombaji, hivyo kuandika ukweli wa moyo wako hakukupunguzii nafasi. Roth alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Lloyd Shapley. Mwaka 2000 daktari wa Taita aliorodhesha kwa woga, akapata nafasi katika hospitali kubwa ya mjini.

Alifanya kazi kama punda kwa miaka mitatu. Alimaliza Juni 2003, na mwezi uliofuata ndipo kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki kilipoanza kutumika nchi nzima.

Kijiji kikamrudia kupitia mlango wa uhamiaji. Viza aliyokuwa nayo, J-1, humtaka daktari arudi kwao kwa miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha. Mwaka 1994 Seneta Kent Conrad wa North Dakota alipitisha utaratibu unaoruhusu kila jimbo kuwaombea msamaha madaktari kadhaa, kwanza 20 kwa mwaka, baadaye 30, kwa sharti la kuhudumu miaka mitatu mahali penye uhaba wa madaktari. Wenzake waliizungumzia miaka hiyo kama kifungo. Walihesabu miezi.

Yeye alipelekwa North Dakota kwenyewe, kwenye mji mdogo wenye hospitali ya vitanda 25. Idadi hiyo ndiyo kikomo cha kisheria cha hospitali ndogo za vijijini zinazolipwa kwa utaratibu maalumu uliowekwa mwaka 1997. Siku ya tatu dhoruba ya theluji ilizuia helikopta, na ndani ya wodi kulikuwa na mzee mkulima ambaye moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu na mapafu yamejaa maji. Bingwa wa moyo alikuwa upande wa pili wa simu. Daktari aliweka barakoa ya mashine ya hewa, akapima mkojo kila saa, akaongeza dawa kidogo kidogo mpaka kukapambazuka. Alipotoka nje kuvuta hewa alijikuta anatafuta milima ya Taita kwenye ule uwanda mweupe usio na hata kichuguu. Alikuwa ameshajua kazi hii. Alikuwa ameifanya Wundanyi, ikiwa na theluji pungufu.

Miaka mitatu ilipokwisha, alibaki.

Hapo ndipo uchungu wake ulipo, na haufichi. Takriban Mmarekani mmoja kati ya watano huishi vijijini, lakini ni kama daktari mmoja tu kati ya kumi anayefanya kazi huko. Bingwa wa tiba ya ndani wa mahali kama hapo huwa ndiye daktari wa figo, wa moyo, wa mapafu na wa sukari kwa pamoja, kwa sababu mabingwa hao wako mwendo wa saa nyingi. Hata hivyo kwa miongo mingi vijana walifundishwa tiba ya ndani karibu wote wakiwa mijini, wakizungukwa na mabingwa wa kila kiungo. Mafunzo ya vijijini yalikuwepo, ila karibu yote yalikuwa ya tiba ya familia, maana sheria ya fedha za mafunzo ilidai programu ya vijijini iwe na ithibati yake peke yake, na ni tiba ya familia iliyokuwa na mpango wa namna hiyo. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2022. Tayari tangu mwaka 2019 serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku ya hadi dola 750,000 kwa kila anayeanzisha rezidensi ya vijijini. Sasa kijana wa tiba ya ndani anaweza kutumia zaidi ya nusu ya mafunzo yake nje ya mji, fedha zikamfuata.

Fomu ya maombi nayo ikabadilika. Mtihani wa Philadelphia, ambao baadaye ulibadilishwa jina na kuwafikia pia Wamarekani, ulisimama wakati wa korona na kufutwa rasmi Januari 2021. Mtihani wa kwanza wa leseni uliacha kutoa alama mwaka 2022. Sasa ni kufaulu au kufeli. Mahojiano yakahamia kwenye skrini. Na katika msimu ulioanza mwaka 2021, waombaji wa tiba ya ndani walipata swali ambalo daktari wa Taita alilisoma mara mbili: ungependelea mjini au kijijini?

Mpwa wake alijaza fomu hiyo miaka miwili baadaye, akiwa daktari wa kaunti Voi. Shangazi alimtaka kwanza aitazame pia njia ya ECSACOP, chuo cha mabingwa wa tiba ya ndani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachomfundisha daktari akiwa katika hospitali anayofanyia kazi. "Usije huku kwa sababu mimi niko huku," alimwambia. "Nyumbani kuna mama zako wanaohitaji daktari."

"Shangazi, nimeandika kote kuwili," kijana alijibu. "Nitakakofundishwa kazi ya vitanda 25, ndiko nitakakoijua ya Wundanyi."

Akamtumia barua yake aipitie. Katikati kulikuwa na aya kuhusu mgonjwa aliyeteremshwa usiku kutoka Wundanyi kwa barabara mbaya. Shangazi alisoma, akanyamaza kwa muda, kisha akampigia simu. Hakutaka aifute. Alitaka aeleze safari ilichukua saa ngapi, na nani alishika dripu.

Mahojiano ya programu moja ya vijijini yalipangwa saa nne asubuhi kwa saa za North Dakota, saa moja jioni kule Voi. Kijana alivaa tai, akanunua bando kwenye laini mbili tofauti, akafunga dirisha ili kelele za matatu zisiingie. Mhojaji alikuwa na barua mkononi. Swali lake la kwanza lilihusu ile aya: ungefanya nini kama gari lingeharibika Mwatate? Walizungumza kwa dakika ishirini juu ya barabara hiyo hiyo, mpaka bando la kwanza likakatika na kijana akahamia laini ya pili.

Februari alipokaa kupanga orodha yake, hakumuuliza mtu. Programu ile aliiweka ya kwanza.